Kutojua na Kutokuwa na Hatia: Jicho la Mtoto katika Hadithi za Vita, Kama Linavyosomwa Banalia

Utangulizi

Katika masomo yetu ya fasihi ya Kiafrika kuna jambo ambalo halihitaji msomaji hodari sana kuliona. Waandishi wengi wa ukanda wetu, walipotaka kusimulia vita na mauaji, walimwachia mtoto kazi ya kusimulia. Ahmadou Kourouma alifanya hivyo mwaka 2000, Emmanuel Dongala mwaka 2002, Uwem Akpan mwaka 2008, Gaël Faye mwaka 2016. Kwa nini mtoto? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mtoto ni msafi, na usafi wake unaufanya uovu wa watu wazima uonekane vizuri zaidi, kama doa kwenye shuka jeupe.

Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Katika makala haya ninashikilia kwamba tunachokiita usafi wa mtoto ni mambo mawili tofauti, na kwamba riwaya bora za vita zinafanya kazi yake pale mambo hayo mawili yanapotengana. Ninatumia zaidi kazi nne nilizozitaja, na ninazisoma nikiwa na Banalia akilini, nilikofanya mafunzo ya vitendo ya ualimu. Sichagui Banalia kwa kuipamba makala. Mahali msomaji alipo hubadilisha swali analouliza kitabu.

1. Neno lenyewe

Kifaransa kina neno moja, innocence. Linamfaa mtoto asiyejua mambo ya watu wazima, na linamfaa pia mshtakiwa ambaye mahakama imemwachilia. Msomaji wa Kifaransa anaweza kupita kutoka maana moja hadi nyingine bila kuona kwamba amevuka mto.

Kiswahili hakitupi daraja hilo. Mtoto asiyejua, tunasema hajui: "bado mtoto, hajui kitu." Mtu asiyestahili adhabu, tunasema hana hatia. Kutojua ni habari ya akili na ya macho. Kutokuwa na hatia ni habari ya tendo na ya hukumu. Mtu anaweza kujua yote na asiwe na hatia yoyote, na anaweza pia kutenda jambo baya sana bila kujua analolitenda. Watu wa pwani humwita mtoto mchanga malaika, na neno hilo linakusanya maana zote mbili, lakini halidumu: mtoto akianza kutembea na kuvunja vyombo, umalaika wake umekwisha.

Nasema hivi kwa sababu vita huwafanyia watoto jambo moja la hakika: huwafundisha mapema. Kutojua kwao hufa. Watu wazima wanaotazama kutoka nje hufanya haraka kutoa hukumu ya pili: kwa kuwa mtoto huyu amejua, basi si safi tena, na kama si safi, ana hatia. Msichana aliyetekwa na wapiganaji akirudi nyumbani hutazamwa kwa hofu. Mvulana aliyebeba silaha huitwa muuaji na majirani waliomjua akiwa na miaka minane. Lugha yetu inatupa silaha dhidi ya kosa hilo, kwa sababu inatulazimisha kutumia maneno mawili. Tuone sasa kama hadithi nazo zinatusaidia.

2. Banalia na kumbukumbu isiyo na sauti ya mtoto

Banalia iko ukingoni mwa mto Aruwimi, kaskazini ya Kisangani, kwenye barabara ya kwenda Buta, na msafiri huuvuka mto kwa kivuko. Maji yake yanatoka mbali mashariki, kwa maana Aruwimi ni jina la chini la mto Ituri. Mto mmoja, majina mawili.

Jina la Banalia liliingia katika vitabu vya Ulaya mwaka 1888, na liliingia kwa damu. Henry Morton Stanley alikuwa amekwenda mbele kumtafuta Emin Pasha, akaacha nyuma kikosi chini ya Meja Edmund Barttelot. Kikosi hicho kilikaa Yambuya kwa miezi mingi ya njaa, maradhi na viboko, kisha kikasogea hadi Banalia. Huko, tarehe 19 Julai 1888, Barttelot alipigwa risasi akafa, baada ya kutoka alfajiri akiwa na hasira kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma. Stanley alipofika mwezi uliofuata alikuta mabaki ya watu.

Wanaume wa kikosi hicho waliandika. Shajara na barua za Barttelot zilichapishwa, na za mwenzake James Jameson pia. Upande wa pili, Tippu Tip, aliyetoa wapagazi kwa kikosi hicho, alituachia maisha yake kwa Kiswahili, na kazi hiyo ni miongoni mwa tawasifu za kwanza za lugha yetu. Kwa hiyo hatuna upungufu wa maandishi. Lakini yote ni ya wanaume wazima, wenye bunduki, wenye hesabu za kujitetea.

Mtoto yumo mara moja, na ndipo tunapoona tatizo. Mwezi Mei 1888 huko Riba Riba, mahali panapoitwa leo Lokandu, Jameson alitoa leso sita, na msichana wa miaka kama kumi akaletwa na kuuawa mbele yake. Mkalimani alimshtaki kwamba aliyataka hayo kwa makusudi ili aone. Jameson aliandika kwamba alidhani ni mzaha, lakini alikiri kwamba baadaye alichora picha za tukio hilo. Magazeti ya London yalibishana sana juu yake mwaka 1890. Walibishana kuhusu heshima ya Mwingereza. Juu ya msichana hatujui jina, wala lugha aliyoisema, wala alichokiona alipowatazama wale waliomtazama.

Kwangu mimi hapo ndipo swali la msimulizi mtoto linapoanza kwa watu wa Tshopo na Maniema. Kabla ya kuuliza kama jicho la mtoto ni mbinu nzuri ya kisanaa, tukumbuke kwamba kwa muda mrefu mtoto alikuwa kitu cha kuchorwa. Riwaya inayomwachia aseme "mimi" inageuza upande wa macho. Joseph Conrad alipochapisha riwaya yake mashuhuri ya mto Kongo mwaka 1899, hakufika huko. Ndani yake Waafrika, wakubwa kwa wadogo, karibu hawasemi.

3. Kuona kabla ya kupewa jina

Nianze na Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982. Riwaya yake Petit pays ilipata mwaka 2016 tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Msimulizi, Gabriel, ni mvulana wa Bujumbura, baba yake Mfaransa, mama yake mkimbizi kutoka Rwanda. Mapema kabisa watoto wanamwuliza baba kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Je, hawana nchi moja? Wanayo. Lugha moja? Wanayo. Mungu mmoja? Wanaye. Basi ni kwa nini? Baba, akiwa amekosa jibu, anasema ni kwa sababu pua zao hazifanani. Na watoto wanafanya nini? Wanakwenda mjini wakitazama pua za watu.

Mwanafunzi asipite hapo haraka. Mtoto hakukataa maelezo ya mtu mzima, aliyatii. Aliyachukua kama yalivyo, akayapeleka mtaani, na utii wake ndio unaoonyesha upuuzi wa maelezo yenyewe. Mtu mzima angesema "kabila" na neno hilo lingefunika kila kitu, kwa sababu tumelizoea. Mtoto anasema "pua", na ghafla tunaona jinsi kitu kidogo kilivyobebeshwa mzigo wa maelfu ya maiti. Mwandishi wa Kiswahili, Ken Walibora, alifikia jambo hilo hilo kwa njia nyingine katika Kufa Kuzikana (2003), alipoyaita makabila yake mawili yanayochinjana Wakorosho na Wakanju. Msomaji anayejua kwamba kanju na korosho ni vitu vya mti mmoja anacheka, kisha kicheko kinamkwama kooni.

Mfano wa pili kutoka kwa Faye ni muziki. Usiku wa tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipopinduliwa na kuuawa, redio ya nyumbani kwa Gabriel inapiga muziki wa Kizungu wa okestra. Ndiyo desturi ya siku za mapinduzi, na watu wazima wanaielewa mara moja. Kwa mtoto ni muziki tu. Mwandishi hakuhitaji kuandika risasi hata moja ili tuogope; ametuwekea kinanda mahali pa risasi.

Uwem Akpan, Mnigeria, aliisukuma mbinu hiyo hadi mwisho wake katika hadithi fupi ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyomo kwenye mkusanyo wa Say You're One of Them. Msimulizi ni Monique, msichana wa miaka tisa, baba Mhutu, mama Mtutsi. Monique anasikia sauti darini, naye anaona ni mizimu. Msomaji anaelewa mapema kwamba darini wamejificha watu. Katika pengo hilo, kati ya mizimu ya mtoto na watu wa msomaji, ndimo hofu yote ya hadithi inamokaa. Mwandishi hasemi, mtoto hajui, na kwa hiyo msomaji ndiye anayelazimika kusema moyoni mwake kile ambacho hakuna aliyekiandika. Anakuwa mtu mzima pekee ndani ya nyumba, na hawezi kufanya lolote. Baadaye umati unamlazimisha baba kumwua mama mbele ya watoto, na Monique anaeleza kwa maneno ya mtoto anayetii maagizo ya wazazi wake.

Hii ndiyo kazi ya kutojua katika hadithi hizi. Kunayaondoa majina yaliyochakaa, na kunamfanya msomaji ashiriki. Ni kazi kubwa, lakini ina mpaka. Mtoto hawezi kuendelea kutojua kurasa mia mbili huku vita vikiwa mlangoni. Mwandishi mwaminifu lazima amwache ajue. Tazama mama yake Gabriel anavyorudi kutoka Rwanda baada ya mauaji, akiwa ameikuta miili ya watoto wa ndugu yake imelala nyumbani kwa miezi. Anaeleza alivyojaribu kusugua doa sakafuni, na lilivyokataa kutoka. Kisha usiku anamwamsha Ana, dada mdogo wa Gabriel, amsimulie tena na tena. Hapo kutojua hakufi kwa bomu. Kunauawa kitandani, na sauti ya mama.

4. Nyasi zilizoamua kuwa mbaya

Nini hubaki kutojua kukiisha kufa? Kourouma na Dongala wanaanzia hapo hapo.

Birahima, msimulizi wa Allah n'est pas obligé, ana miaka kumi au kumi na miwili, naye ni askari mtoto katika vita vya Liberia na Sierra Leone. Hana kutojua hata punje. Ametukana ukurasa wa kwanza, na atatukana hadi mwisho. Ana kamusi nne, na kila mara anasimamisha simulizi ili aeleze neno: la Kifaransa kwa Waafrika, la Kiafrika kwa Wafaransa. Wanafunzi wengi hucheka, na Kourouma alitaka tucheke. Lakini tuulize: mtoto wa aina gani anahitaji kamusi nne ili aeleze maisha yake? Ni mtoto ambaye maneno ya watu wazima, kama "vita vya kikabila" au "misaada ya kibinadamu", yamemwangukia yote kwa pamoja, naye anayapima moja moja kuona kama yana kitu ndani. Gabriel anaona kabla ya kupewa jina. Birahima amepewa majina yote, na anayatilia shaka.

Kuna jambo lingine ndani ya riwaya hiyo. Watoto wenzake wakifa vitani, Birahima hutoa hotuba ya mazishi: huyu alizaliwa wapi, aliingiaje katika uaskari, alikuwa mtu wa namna gani. Lakini hamfanyii kila mmoja. Anatuambia wazi kwamba wengine anawaacha kwa sababu hana wajibu, au hataki. Mtoto aliyebeba bunduki amejitwalia kazi ya mzee wa ukoo, kazi ya kuwasema marehemu, na anaifanya kama anavyoweza. Kujua amejua. Je, ana hatia? Riwaya haitupi jibu. Inatupa hotuba hizo, na kutuachia uzito wake.

Dongala, wa ng'ambo ya mto huko Brazzaville, aligawa riwaya yake Johnny chien méchant kwa wasimulizi wawili wa miaka kumi na sita. Johnny ni mpiganaji, anaua na kubaka. Laokolé ni msichana anayekimbia, akimsukuma mama yake kwenye toroli kwa kuwa mama amevunjika miguu. Tukio moja tunalisoma mara mbili, kwa macho mawili. Johnny anajali sana jina lake la vita, na kwa muda anajiita Matiti Mabé. Msomaji wa London anahitaji maelezo; msomaji wa Banalia au Kisangani, mwenye Lingala mdomoni, haihitaji: ni nyasi mbaya, magugu. Nami, nikisoma jina hilo, nilikumbuka methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua, kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali inazijua nyasi zinazoumia tu. Johnny ni nyasi zilizochoka kukanyagwa, zikaamua kuwa na miiba. Laokolé alikanyagwa na tembo wale wale, naye hakuchagua hivyo.

Kwa kuwaweka wawili hao pamoja, umri mmoja, mji mmoja, vita vimoja, Dongala anatuzuia kusema "walikuwa watoto tu" tukaishia hapo. Anatuzuia pia kusema "ni wanyama". Wote wawili wanajua. Tofauti yao iko upande wa pili wa neno letu, upande wa hatia, na huko kila mmoja anasimama peke yake.

5. Mtoto mbele ya majaji

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike na riwaya, wakati tuna ushahidi wa kweli? Nchi yetu inao. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake huko Ituri na kuwatumia vitani. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo. Alipewa miaka 14 gerezani.

Lakini kesi hiyo ilianza kwa mkwamo. Januari 2009 shahidi wa kwanza, kijana aliyeletwa kama askari mtoto wa zamani, alieleza, kisha siku hiyo hiyo akayakana aliyoyasema. Na mwisho wa kesi majaji hawakuweza kutegemea ushahidi wa wengi walioletwa kama askari watoto wa zamani. Walitegemea zaidi mashahidi wengine na picha za video, ambamo watoto wadogo walionekana kwa macho.

Siwalaumu majaji. Mahakama inahitaji tarehe, umri, jina la kambi, maneno yasiyopingana. Kumbukumbu ya mtoto wa vita haijajengwa hivyo. Ina harufu, ina rangi ya ndoo, ina njaa ya siku fulani ambayo haijulikani ilikuwa lini. Riwaya haimhukumu mtu yeyote, na kwa sababu hiyo inaweza kumpokea mtoto anayesitasita, anayesema uongo, anayekana leo alichokisema jana. Mahakama huamua nani ana hatia, nayo riwaya hukaa na yule ambaye hajui kama anayo. Tunazihitaji zote mbili, na moja isichukue kazi ya nyingine.

6. Hatari ya mtoto safi mno

Jicho la mtoto linaweza pia kudanganya. Mfano unaojulikana ni The Boy in the Striped Pyjamas ya John Boyne wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 2006. Bruno, mwenye miaka tisa, ni mtoto wa mkuu wa kambi ya mauaji ya Wayahudi. Hajui kambi ni nini, hawezi hata kulitamka jina lake, na anafanya urafiki na mtoto Myahudi kupitia waya wa uzio. Kitabu kimewaliza mamilioni ya wasomaji. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalitangaza kwamba kitabu hicho kiepukwe na kila anayesoma au kufundisha historia ya mauaji hayo.

Sababu zinaeleweka tukitumia maneno yetu mawili. Watoto Wayahudi wa umri ule, walio wengi, waliuawa mara tu walipofika. Hawakuwa na jioni za kuzungumza uzioni. Mtoto wa afisa kama yule angekuwa amelelewa katika chuki tangu darasa la kwanza. Kutojua kwa Bruno hakuwezekani. Kumetengenezwa ili kumpa usafi. Na mwisho wa kitabu msomaji anamlilia nani zaidi? Mtoto wa mkuu wa kambi. Kutojua kumegeuzwa sabuni.

Faye alikuwa na hatari hiyo hiyo mbele yake, maana Gabriel ni mtoto wa Mfaransa, mwenye mpishi na dereva, katika mtaa mzuri. Alijiokoa kwa kuonyesha kwamba kutojua kwa Gabriel kuna bei na kuna kazi. Gabriel anakutaka kutojua. Anajifungia katika uchochoro wao, anaazima vitabu kwa jirani bibi Mgiriki, anasoma ili asisikie. Uchochoro haumlindi. Kwa vitisho, vijana wa genge wanamtia kiberiti cha gesi mkononi, mbele ya teksi ambamo kuna mtu, na anakitupa. Mwandishi ambaye angetaka tumpende tu msimulizi wake angeikata sura hiyo. Faye aliiacha, na ndiyo inayofanya kitabu kisiwe kilio cha mtu kujililia.

7. Darasani Banalia

Katika mafunzo yangu ya vitendo nilisoma vipande vya Petit pays na wanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari. Tulisoma kwa Kifaransa na kubishana kwa Lingala na Kiswahili, kama inavyokuwa kwetu. Nakala ilikuwa moja, kwa hiyo niliandika aya ubaoni.

Tulipofika kwenye kiberiti, mvulana mmoja alisema Gabriel ana hatia, kwa sababu mkono ni wake. Msichana aliyekaa nyuma akajibu kwamba mkono ni wake lakini moto si wake. Sijasoma uhakiki uliolisema jambo hilo vizuri kuliko yeye. Darasa liligawanyika, na sikuwaunganisha.

Baada ya somo msichana mwingine alinieleza habari za mama yake. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani kuanzia tarehe 5 hadi 10, mama huyo alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Vita vile vya siku sita viliua mamia ya raia, na nchi zote mbili zilizopigana hazikuwa yetu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa uharibifu wa miaka ile yote. Mama huyo hajui chochote kuhusu idadi ya makombora. Anachokumbuka ni kuku waliyeingia naye chini ya kitanda, na jinsi kuku huyo alivyonyamaza siku nzima. Hadi leo, alisema binti, mama hapendi kuku anayenyamaza.

Sidhani kwamba kumbukumbu hiyo ni ndogo kuliko takwimu, wala kwamba inaweza kuchukua nafasi yake. Ninachosema ni kwamba wasomaji wetu hawamtazami mtoto wa riwaya kutoka mbali. Wamelelewa na watoto wa aina hiyo. Kwa hiyo mwalimu asiwape hadithi hizi kama mazoezi ya huruma kwa watu wa mbali. Awape maswali ya kupimia. Mimi nilitumia matatu, nayo yalinifaa.

La kwanza: mtoto huyu hajui nini, na nani alimzuia asijue? Kutojua hakuangukii mtoto kama mvua. Mtu fulani alinyamaza, au alidanganya, au alificha kwa upendo.

La pili: nani anasema sasa hivi, mtoto au mtu mzima anayekumbuka? Gabriel anatusimulia akiwa mtu wa miaka thelathini na zaidi, yuko Ufaransa. Sentensi nyingine ni za mvulana, nyingine ni za mtu huyo. Mwanafunzi ajifunze kusikia mshono.

La tatu: nikifunga kitabu, ninamlilia nani, na ni nani hakuliliwa? Swali hili lingemtosha msomaji wa Boyne. Lingewatosha pia waliobishana London mwaka 1890.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba jicho la mtoto katika hadithi za vita halifanyi kazi kwa sababu ya usafi wake. Kutojua humsaidia mwandishi kuvua majina na kumwingiza msomaji ndani ya pengo. Kutojua kukiisha, na vitani lazima kuishe, linabaki swali la hatia, na hapo ndipo tunapomtambua mwandishi mwaminifu: hakubali mtoto aoshwe, wala hakubali atupwe. Kiswahili, kwa kukosa neno moja la kuyafunika mambo hayo mawili, kinatuandaa vizuri kwa usomaji huo.

Kazi zote nne nilizozitegemea ziliandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Wasimulizi wake wametoka Bujumbura, Rwanda, magharibi ya Afrika na mji usiotajwa wa Kongo. Mtoto wa Aruwimi bado hajasema "mimi" katika kitabu kinachosomwa katika kitivo chetu. Mashahidi wa Juni 2000 sasa ni watu wa miaka thelathini na arobaini, wanauza sokoni, wanafundisha, wanavuka kwa kivuko, na watoto wao wako darasani mwetu. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho hahitaji kwenda mbali. Aanze kwa kuuliza nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, na aandike jibu kama lilivyotoka, pamoja na kuku aliyenyamaza.